Fungueni madirisha ya kliniki za meno

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kliniki zetu za meno. Agosti 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri matibabu ya kinywa yasiyo ya lazima yaahirishwe pale ambapo korona ilikuwa ikisambaa. Mashine ya kutoboa jino huzunguka kwa kasi huku ikipozwa kwa maji, na maji hayo, yakichanganyika na mate, huruka hewani kama ukungu. Mama yangu alikaa na gego bovu mwaka ule, akitafunia upande mmoja, kwa kuogopa kiti cha daktari.

Juzi nimempeleka kung'oa jingine. Chumba kidogo, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa. Mgonjwa aliyetutangulia alikuwa ametoka kuziba jino, na matone yalikuwa bado yameganda kwenye taa iliyo juu ya kiti. Msaidizi akabadilisha glovu, akatuita, barakoa ikiwa kidevuni. Nilipoomba taa ifutwe aliifuta bila kinyongo, na ninamshukuru. Je, asiyejua kuomba?

Korona imepoa, lakini kifua kikuu nacho husafiri kwa hewa, tena kilikuwepo kabla yake. Ninawaomba wenye kliniki wafungue madirisha, wawe na mashine ya kunyonya mate yenye nguvu, wafute kiti na taa kwa dawa kila mgonjwa anapotoka, na waache muda hewa ibadilike. Foleni itarefuka kidogo. Tutasubiri.

Msomaji wako,
Tanga