Barua ya kufunga muhula: sentimita 58 za gesi, na majibu yasiyo na njia

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA

Mliofika siku ya wazazi mlijionea wenyewe, lakini wengi hamkufika, kwa hiyo naanza na hilo.

Binti mmoja wa Kidato cha Tatu alipima mbele ya wageni utepe wa magnesiamu, gramu 0.06. Kabla hajagusa asidi alishika chaki. Gramu 0.06 gawanya kwa 24, ambazo ni gramu za moli moja ya magnesiamu (moli ni kizio cha kuhesabia kiasi cha kemikali), unapata moli 0.0025. Moli moja ya magnesiamu hutoa moli moja ya haidrojeni, na katika joto la chumba moli moja ya gesi huchukua takriban sentimita za ujazo 24,000. Basi zitatoka 60. Akaandika jibu na kizio chake, akalipigia mstari. Ndipo alipotumbukiza utepe ndani ya asidi na kufunga kizibo upesi. Tukabaki tunatazama mchi wa sirinji ya gesi ukirudi nyuma polepole, chumba kizima kimya, hadi ukasimama kwenye 58.

Mzazi mmoja akauliza zile mbili zimekwenda wapi. Binti hakubabaika. Alisema gesi ilianza kutoka kabla kizibo hakijakaa vizuri, nyingine ikapotea hewani; tena, chumba kikiwa na baridi kidogo, gesi hujikunja na ujazo wake hupungua. Nilisimama mlangoni na, niwaambie kweli, machozi yalinilengalenga. Mtoto anayeweza kusema mapema gesi itakuwa kiasi gani, kisha akaeleza kwa nini imepungua, huyo ameelewa. Mwalimu wake wa kemia anastahili shukrani zenu na zangu.

Michezo ilikwenda vizuri. Matokeo ya masomo yote yamo kwenye ripoti. Zisomeni pamoja na watoto, msiishie kwenye nafasi darasani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo bado linanikereketa.

Katika mtihani wa mwisho wa muhula, swali la kemia lilitaka ujazo wa kaboni dayoksaidi itakayotoka gramu 10 za kalsiamu kaboneti zikimalizwa na asidi, kwa nyuzijoto 0 na mgandamizo wa kawaida wa hewa. Ni kazi ya mistari minne. Andika mlinganyo na kuusawazisha. Gramu 10 gawanya kwa 100, uzito wa moli moja ya kalsiamu kaboneti, moli 0.1. Uwiano ni moja kwa moja. Zidisha kwa 22.4, desimita za ujazo za moli moja ya gesi katika hali hiyo, unapata desimita za ujazo 2.24. Maksi zilikuwa tano, na nne kati ya hizo ziko njiani, kabla hujafika kwenye jibu.

Wanafunzi saba waliandika 4.48. Hakuna mlinganyo, hakuna moli, karatasi nyeupe kabisa na namba hiyo chini yake. Mmoja hakuweka hata kizio. Mwalimu hakuhitaji kufikiri sana: 4.48 lilikuwa jibu la mtihani wa mwaka uliopita, ambapo gramu zilikuwa 20. Kikaratasi kilipita mkono kwa mkono, na waliokipokea hawakusoma hata swali lililokuwa mbele yao.

Wamepata sifuri katika swali hilo, na itabaki sifuri. Baadhi yenu mmenipigia simu. Mzazi mmoja ameniambia mwanawe hukokotoa kichwani. Nimemjibu, na nawajibu nyote: anayekokotoa kichwani angepata 2.24. Hata angepata 2.24 bila njia, asingepewa maksi zote, kwa sababu msahihishaji hulipa anachokiona kwenye karatasi. Yako kichwani mwa mtoto hayawezi kusahihishwa.

Tazameni upande wa pili. Kuna kijana aliyezidisha kwa 24, namba ya joto la chumba, badala ya 22.4, akapata 2.4. Amekosea jibu, lakini mlinganyo wake ulikuwa sawa, moli zake sawa, uwiano sawa, na amepata maksi tatu. Mwingine, katika swali la gesi iliyopashwa joto kutoka nyuzi 27 hadi 127 kwa mgandamizo uleule, alisahau kugeuza nyuzi za Selisiasi kuwa Kelvini, yaani kuongeza 273. Sentimita za ujazo 300 zikawa 1,411 badala ya 400. Kosa kubwa, ila liko wazi kwenye mstari wa pili. Mwalimu ameliona, amelizungushia wino mwekundu, na mtoto hatalirudia. Yule wa 4.48 mwalimu atamsaidia wapi, kwenye karatasi tupu?

Hao saba watakuja na wazazi wao siku ya kufungua shule, wakiwa na swali lile limefanywa upya kwa mwandiko wao, hatua kwa hatua, na kila mmoja atalieleza ubaoni mbele yangu. Asiyekuja na mzazi hataingia darasani. Nawaomba msiwafanyie. Kaeni nao tu mezani, na hata kama kemia mliiacha zamani, waulizeni: namba hii umeitoa wapi? Swali hilo linatosha.

Ada. Nimeshaandika barua mbili kuhusu ada na hii ni ya tatu. Asidi ile, utepe ule na sirinji iliyowafanya mpige makofi vilinunuliwa kwa fedha za waliolipa, na watoto wa wasiolipa walivitumia bila kubaguliwa. Si haki wenzenu wawabebe muhula baada ya muhula. Mwenye shida ya kweli aje ofisini tupange. Mlango uko wazi na siri yake itabaki kwangu. Anayenyamaza tu, sitamvumilia tena.

Waliowachukua watoto kabla ya siku ya kufunga wamewakosesha marudio ya mtihani. Msirudie.

Tarehe ya kufungua iko chini ya ripoti. Sare kamili.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule