Dogo wa kashata msimuonee

Mhariri, salaam. Ile makala yenu ya watoto kuwekewa peremende mezani, ukisubiri unaongezewa ya pili, kwamba anayesubiri ndo atakuja kufaulu, imeniletea kasheshe nyumbani. Shemeji kaisoma kaenda kumjaribu mwanae wa miaka 4 na kashata, dogo kaimaliza kabla mama hajafunga mlango, tangu siku hiyo anaitwa hana subira hatafika popote.

Jamani. Mi nimesoma saikolojia chuo na vigeu, yaani vile vitu vinavyobadilika kwenye utafiti, ndo tulikaririshwa hadi basi. Mischel, mwanasaikolojia mwenye jaribio hilo la peremende, kule chuo cha Stanford Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, hakupanga mtoto yupi asubiri na yupi asisubiri, kila mmoja alikuja na ya kwao, na wengi walikuwa watoto wa watu wa chuo hapohapo. Sasa ukikuta aliyesubiri kafaulu shule, utajuaje ni subira na sio pesa ya baba au elimu ya mama? Mwaka 2018 watafiti wengine, kina Watts, wakarudia na watoto zaidi ya 900, wakaingiza hali ya nyumbani kwenye hesabu, ule uhusiano ukanywea sana. Hilo makala yenu kimya.

Ila ninayoipenda mimi ni ya mtafiti Celeste Kidd, chuo cha Rochester Marekani, 2013. Yeye nadharia tete yake ilikuwa labda mtoto hasubiri kwa sababu hakuamini wewe mtu mzima. Akachukua watoto 28, wote wakaahidiwa kalamu za rangi nzuri zaidi, nusu wakaletewa, nusu wakaambiwa samahani kumbe hazipo. Ndo peremende ikaja. Waliotimiziwa walisubiri wastani wa dakika kama 12, waliodanganywa kama 3 tu. Hapo ndo kigeu huru kweli, ahadi kaishika mtafiti mwenyewe mkononi, anaigeuza anavyotaka, halafu anahesabu dakika. Na zingelingana dakika, dhana yake ingekufa palepale mbele ya watu.

Sasa rudi kwa dogo wetu. Ana kaka watatu, kitu kikiachwa mezani kwao hukikuti, na baiskeli ya Idi anaahidiwa huu mwaka wa pili. Nikamvuta pembeni nikamuuliza we mbona hukusubiri mama arudi na ya pili? Kaniangalia kama sijielewi vile, akasema, "Anti, ya pili ipi?"

Msomaji wenu, Tanga