Barua ya wazi kwa viongozi wa asasi za utamaduni Dodoma

Mbukwenyi wanangu,

Mwezi uliopita nilipita kwenye ofisi ya asasi moja ya utamaduni hapa mjini. Jina lake nalisitiri. Mlangoni nikakuta kufuli la mwenye nyumba. Kodi haijalipwa tangu mfadhili aondoke. Ndani kuna kompyuta, na kwenye kompyuta hiyo kuna sauti za wazee wa Bahi na Chamwino wakipiga zeze na marimba, baadhi yao tumeshawazika. Nikamuuliza katibu nakala nyingine iko wapi. Akanijibu, "Mzee, hilo lilikuwa kwenye awamu ya pili ya mradi."

Awamu ya pili!

Najua fedha zimekatika. Marekani ilisimamisha misaada Januari 2025, na Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Wengine nao wamebana. Nawaonea huruma, maana wapo kati yenu waliofanya kazi miezi mingi bila mshahara na hawakuiba hata kalamu. Lakini muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, ulipigwa kabla ya mfadhili yeyote kuijua njia ya Dodoma. Huku kwetu mvua haiaminiki, ndiyo maana mzazi wako alipanda uwele, akapanda na mtama, akafuga na mbuzi. Ninyi msomi mzima unapanda mfadhili mmoja, halafu unashangaa njaa.

Na fedha ipo hapahapa, inapita mbele ya macho yenu. Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, treni ya SGR imefika 2024, mkoa una watu zaidi ya milioni 3. Kila wiki kuna uzinduzi, kongamano, mapokezi. Nilikuwepo kwenye mojawapo. Akina mama wa muheme walishushwa kwenye Fuso saa mbili asubuhi, wakakaa juani na ngoma zao mapajani, mgeni rasmi akafika saa saba. Wakapiga kidogo tu, MC akawakatisha kwa sababu ya muda. Jioni wakapewa soda na nauli. Mwenye spika alikuja na ankara yake, akalipwa yote. Asasi iliyowaleta akina mama haikuwa na ankara wala mkataba. Ilikuwa na bango, na picha za bango hilo ndizo zilizoingia kwenye ripoti.

Hapo ndipo mnaponikera. Mmekuwa wepesi wa kumjibu mfadhili na wazito wa kumjibu mpiga ngoma. Sasa mfadhili kaondoka, nani awatetee? Andikeni mkataba: malipo, saa ya kuanza, kivuli, chakula, na nani anaruhusiwa kurekodi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagusa hata sanaa za jadi. Isomeni kabla video ya mama zenu haijauza bidhaa ya mtu mwingine.

Nanyi waheshimiwa mnaopenda kushika ngoma mbele ya kamera, mkishateremka waulizeni wale akina mama wamekula nini.

Mengine nayataja tu. Nakala tatu za kila rekodi, zisikae nyumba moja. Kila rekodi iwe na jina la mpigaji, kijiji na tarehe. Sauti ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo aliyefariki 2003, inasikika mpaka leo na jina lake limo. Ada za wanachama zipokelewe kwa simu, na namba ya siri isiwe ya mwenyekiti peke yake. Taarifa ya mwaka kwa Msajili wa asasi iende kwa wakati. Vijana wenye simu wapeni kazi, acheni kuwaita wahuni.

Na asije mtu kuniambia mila haibadiliki. Muheme ulikuwa ngoma ya kuwatoa wasichana unyagoni. Sheria ya 1998 ikaharamisha kuwakeketa wasichana, na ingawa wapo wanaofanya kwa siri mpaka leo, ngoma yenyewe haikuhitaji kisu ili ipigwe. Inachezwa harusini, kanisani, shuleni.

Kwa wale wa lile kufuli: nendeni kwa mwenye nyumba wiki hii, mkiwa na mzee mmoja wa mtaa. Mwombeni awafungulie mnakili zile sauti, deni mlilipe kidogokidogo. Ni mtu mwelewa, nimeshaongea naye. Kisha itisheni mkutano mkuu, nami mnialike. Nitakuja, ila kabla ya chai nitataka kuona daftari la mapato.

Mzee wenu,
Dodoma