Kwa nini ukurasa wetu wa kuangalia hali ya jina unakwambia usubiri

Mwezi huu tumeitwa wezi. Mteja amelipa Sh 48,000 kuhamishia kwetu jina lake la tovuti la .com, siku tatu zimepita, na kila akibonyeza ukurasa wa kuangalia hali ya jina anaambiwa arudi baada ya dakika 15, basi ameamini kwamba tunamficha jambo. Kizuizi hicho tumekiweka sisi wenyewe, na hatuna nia ya kukiondoa.

Unapobonyeza, seva yetu ndiyo inayokwenda kuuliza kwa niaba yako, kwa anwani moja ya IP, yaani namba inayoitambulisha seva kwenye intaneti, wanayoitumia wateja wetu wote. Wanaoulizwa huko, yaani wasajili, kampuni zinazoandikisha majina ya tovuti, wameweka kikomo cha maulizo. Yakizidi, hurudisha jibu namba 429, na wakali zaidi huifungia anwani nzima. Wana sababu. Zamani taarifa za mwenye jina la .com zilikaa kwa msajili wake, wazi kwa yeyote kupitia WHOIS, mfumo wa kuuliza taarifa za majina, na msajili mpya alilazimika kuzisoma huko ili apate barua pepe ya kuombea idhini ya uhamisho. Mlango huo ndio walioupitia wakusanya anwani za wenye majina ili kuwalaghai. Mteja wetu mmoja, mwenye nyumba ya wageni, aliwahi kupokea karatasi iliyofanana kabisa na ankara ya kuhuisha jina, akailipa, kumbe ameidhinisha jina lake lihamie kwa watu asiowajua, tena kwa bei mara tatu ya yetu.

Tangu Mei 2018, sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya ilipoanza kutumika, sehemu kubwa ya taarifa za mawasiliano imefichwa, na tangu Januari 2025 RDAP, mfumo mpya wa maulizo hayo, imechukua nafasi ya WHOIS kwa majina ya aina hii. Yaliyobaki wazi ndiyo tunayoyahitaji: kama kufuli la uhamisho, linalozuia jina lisihamishwe, limeondolewa, kama siku 60 tangu jina lisajiliwe zimetimia, na lini linakwisha.

Sasa njia ya mkato. Kabla hatujaweka kizuizi, mteja mmoja alimlipa kijana amwandikie programu ya kuuliza hali ya jina lake kupitia ukurasa wetu kila baada ya sekunde tano, usiku kucha. Kulipokucha tulikuwa tumefungiwa na msajili wake wa zamani, ambaye kwa bahati mbaya ndiye aliyeshikilia pia jina la shule moja lililobakiza siku nne kuisha. Hatukuweza kuthibitisha kama kufuli lake limeondolewa. Tuliandikiana barua pepe kwa siku mbili, na mwishowe shule ikalazimika kuhuisha hukohuko ili isipoteze barua pepe za walimu. Fedha za kuhuisha tulizirudisha sisi kutoka mfukoni. Na jina la mwenye programu halikuhama hata dakika moja mapema.

Lisingeweza kuhama. Ombi likishawasilishwa, msajili unayemhama ana siku tano za kulikubali au kulikataa, na akinyamaza, rejista, yaani hifadhi kuu ya majina yote ya .com, hukamilisha uhamisho yenyewe. Wasajili wengi wana kitufe cha kuidhinisha mapema ndani ya akaunti yako ya zamani. Hicho ndicho cha kubonyeza, si chetu. Msimbo wa uhamisho, yaani nywila ya jina unayopewa na msajili unayemhama, nao uuweke kwenye fomu yetu, usiutume kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, kama tulivyoshuhudia zaidi ya mara moja.

Kuhusu bei, ndani ya Sh 48,000 umo mwaka mmoja unaoongezwa kwenye muda wa jina lako, hivyo hulipii kuhama pekee. Wanaotoza pungufu wapo. Waulize ni nani kwao anayekagua kufuli, tarehe na barua pepe ya mwenye jina kabla ya kuwasilisha ombi. Kwetu kazi hiyo hufanywa na mtu, kwa macho yake.

Kuanzia wiki hii, seva itauliza yenyewe mara nne kwa siku kwa kila jina lililo safarini, na hali ikibadilika utapata ujumbe wa simu. Mwenye majina zaidi ya matano atuandikie orodha, tutayakagua kwa pamoja.