Kwa vijana wa Amu, mji wetu wa Lamu, mnaolilia makaa ya mawe

Wanangu, assalaam alaykum.

Juzi barazani mlisema kwamba wazee tuliopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, huku kwetu Lamu, tuliwanyima kazi. Nilinyamaza kwa kuwa palikuwa na wageni. Leo nasema.

Mtambo ule wa megawati 1,050 ungeanza kwa kuchoma makaa ya kuagizwa Afrika Kusini, na mwenye mtambo alipwe hata umeme wake usipotumika. Alipwe na nani kama si sisi, kwenye tokeni za umeme? Leseni yake ya mazingira ilifutwa Juni 2019, kwa kuwa wenyeji hawakuwa wameshirikishwa ipasavyo. Hilo lilikwisha.

Linaloniuma ni hili. Nimemwona mmoja wenu gatini alfajiri akikamua dumu la petroli mpaka tone la mwisho. Jioni karudi na changu na tewa tele, barafu imeyeyuka zamani, samaki mashavu yamepauka. Dalali akamtajia bei ya kumdhalilisha, akapokea, kwani angefanya nini? Petroli ile tunainunua ng'ambo kwa dola. Dola ikipanda, nauli ya boti ya Mokowe, ng'ambo ya bara, inapanda, unga unapanda, na mvuvi anabaki na deni la dukani. Mnaulizana uchumi haukui kwa nini!

Umeme wa gridi ya Kenya, karibu asilimia 90, unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Malindi, pale Langobaya, wana mtambo wa umeme wa sola tangu 2021. Jua la huko ndilo hili hili linalotuchoma hapa. Lakini umeme safi nao haumlishi mtu ukiishia kwenye televisheni na kuchaji simu. Unakuza uchumi pale unapogandisha barafu, unapopasua mbao za jahazi, unapoendesha cherehani ya mama yako.

Basi chama chenu cha wavuvi kinunue mtambo wa barafu wa sola, hata mdogo. Someni ufundi wa sola, msingoje fundi kutoka Mombasa. Tanga la jahazi msilidharau, upepo wa kusi haulipiwi.

Na nyinyi viongozi wetu, mawe ya msingi tumeyaona ya kutosha. Kijana anayetaka mkopo wa mashine msimzungushe ofisi hadi ofisi mpaka akate tamaa akakimbilia mihadarati.

Wanangu, nawapenda, ndiyo maana nafoka. Mkiitisha mkutano wa chama niiteni, nitakuja, na daftari la akiba nataka kuliona.