Heri ya Thanksgiving kutoka Minnesota, na habari ya waliotutangulia huku

Hamjambo jamaa zangu wote, mlio hapa Brooklyn Park na Brooklyn Center, mlio Texas mnaotucheka na baridi yetu, ndugu zetu Wakongo wa Louisville na Lexington kule Kentucky, mlio Portland na Lewiston huko Maine, na nyinyi mlio nyumbani Kisii, Nakuru, Mombasa na kwingineko ambao kila mwaka mnauliza hii sikukuu ya bata mzinga ni ya nini hasa na mbona inaangukia Alhamisi. Heri ya Thanksgiving kwenu nyote, wakubwa shikamooni, watoto hamjambo.

Alhamisi ni sheria tu, Kongresi ilipitisha 1941 kwamba iwe Alhamisi ya nne ya Novemba na ikabaki hivyo. Hilo la "ni ya nini" ndilo refu, na kwa sababu msimu huu watu wengi hapa wanatembea na wasiwasi wa karatasi za uhamiaji, na kila ukifungua simu kuna mtu anasema wageni wamezidi Minnesota, nimeona salamu zangu mwaka huu zibebe na historia kidogo, mtanivumilia, mnanijua mimi na maneno mengi.

Watoto wetu shuleni wanafundishwa ile ya Massachusetts. Meli ya Mayflower ikafika 1620 na abiria 102 kutoka Uingereza, karibu nusu yao wakafa baridi ya kwanza, Wawampanoag, wenyeji wa pale, wakawaonyesha waliobaki namna ya kupanda mahindi, 1621 wakavuna wakala pamoja, mtoto anarudi nyumbani na kofia ya manyoya ya karatasi. Sawa, karamu ilikuwepo. Ila wasichoambiwa watoto ni kwamba kule kule Plymouth, tangu 1970, Wawampanoag na wenzao wanakusanyika Alhamisi hiyo hiyo kuomboleza. Na zaidi ya hapo hiyo ni habari ya Massachusetts, sisi hatukai Massachusetts. Kila jimbo la nchi hii lilijazwa watu kivyake, na mimi nikitaka kulijua jimbo huwa nauliza mambo mawili, nani aliitwa aje na nani aliambiwa atoke.

Minnesota hapa walikuwepo Wadakota na Waojibwe. Sensa ya 1850 ilihesabu watu 6,077 tu bila wenyeji hao, yaani watu wa soko moja la Jumamosi. Miaka kumi baadaye, 1860, walikuwa 172,023. Katikati ya hapo kuna mkataba wa 1851 ambapo Wadakota walitoa ekari kama milioni 24, na upande wa serikali mmoja wa waliokaa mezani alikuwa gavana Alexander Ramsey, ndiyo, huyo huyo wa Ramsey County mnayoiandika kwenye fomu zenu mkiwa St. Paul. Siku ya kutia saini Wadakota walipewa na karatasi nyingine pembeni, kumbe hiyo inasema pesa zao zikatwe madeni ya wafanyabiashara kwanza. Jimbo likazaliwa rasmi Mei 1858.

Sasa njooni kwenye 1862 maana mwaka huo una mambo. Mwezi wa tano rais Lincoln anatia saini sheria ya Homestead, mtu apewe ekari 160, akae miaka mitano alime, shamba liwe lake. Hata mgeni ambaye bado si raia aliruhusiwa, ilimradi ametangaza nia ya kuwa raia, hebu fikirieni hilo leo. Agosti mwaka huo huo Wadakota wamebanwa kwenye kaukanda kando ya mto Minnesota, mavuno yaliharibika, malipo ya serikali yamechelewa kwa sababu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wenye maduka wanakataa kukopesha, vita vikalipuka. Wakauawa masetla mamia, kina baba, kina mama na watoto, hilo nalo tuliseme bila kulificha. Vilipokwisha Wadakota 303 wakahukumiwa kifo, kesi nyingine hazikuchukua hata robo saa, Lincoln akapitia mafaili akapunguza, na tarehe 26 Desemba 1862 mjini Mankato wakanyongwa watu 38 kwa mara moja. Hakujawahi kunyongwa watu wengi hivyo kwa siku moja katika historia ya Marekani. Siku ambayo sisi nyumbani tunaita Boksing Dei na tunachoma mbuzi.

Kina mama, watoto na wazee wao, kama 1,600, wakafungiwa kwenye kambi chini ya ngome ya Fort Snelling baridi yote, wengi wakafia humo. Mnaijua Fort Snelling? Ukitua uwanja wa ndege wa Minneapolis uko jirani nayo kabisa. Pale pale ambapo sisi tunapokea wageni wetu na makoti mkononi, mtu wa kutoka Nairobi anatoka amevaa kishati cha mikono mifupi, tunamfunika haraka haraka. (Na ni pale pale alipowahi kuishi Dred Scott, yule mtumwa aliyedai mahakamani kwamba amekaa kwenye ardhi isiyo na utumwa kwa hiyo ni huru, na 1857 mahakama kuu ikamkatalia. Ngome moja imeona mengi.) 1863 Kongresi ikafuta mikataba yote ya Wadakota, na Mei wakapakiwa kwenye meli za mtoni wakapelekwa Crow Creek, leo ni South Dakota.

Na ndipo inakuja Thanksgiving yenyewe. Tarehe 3 Oktoba 1863, miezi mitano tu baada ya meli hizo, Lincoln anatoa tangazo la siku ya taifa zima kushukuru, aliyeliandika ni waziri wake William Seward, na ukilisoma linamshukuru Mungu kwa mengi, na moja ya hayo ni kwamba shoka limepanua mipaka ya makazi na watu wameongezeka. Mimi niliposoma hapo nilikaa kimya kidogo. Sisi watu wa Kenya hatuhitaji kuelezwa masetla ni nini, nchi yetu ilikuwa na sheria ya 1915 ya kumpa setla ardhi kwa miaka 999, na wenye ardhi wakawa maskwota kwenye ardhi yao. Kwa hiyo hii hadithi ya huku si ngeni kwetu, ni sura tu zimebadilika.

Haya, walioitwa nao. Watu wanadhani Wanorwe na Waswidi walijikuta tu Minnesota. Walitafutwa! 1867 jimbo lilianzisha bodi ya uhamiaji kabisa, katibu wake Hans Mattson, Mswidi aliyekuwa kanali kwenye vita, akachapisha vijitabu kwa lugha zao vya kusifu Minnesota, udongo mzuri, hewa safi, kazi ipo, kisha akaenda mwenyewe Sweden na kurudi na kundi. Kampuni za reli nazo zilikuwa na ardhi ya kuuza na mabehewa ya kujaza, zikatuma mawakala wao Ulaya. Lakini kilichovuta kuliko vijitabu vyote ni barua. Mtu amefika, amekata miti, ana ng'ombe wawili, anaandika kwao njooni, na ndani ya bahasha wakati mwingine mna tiketi ya meli imeshalipiwa. Anakuja mdogo wake, anakuja shemeji, kijiji kinahamia kaunti moja.

Jamani, si ndivyo tulivyokuja sisi? Mmoja alishinda ile bahati nasibu ya grinikadi iliyoletwa na sheria ya 1990, akapata kazi kwenye nyumba za kulea wazee, akamwita dada yake, dada akasomea unesi, akamwita mume, leo ukiingia kanisani Brooklyn Park Jumapili unadhani uko Kisii Sabato imehamishwa siku. Na barua zile zilidanganya kama picha zetu zinavyodanganya. Hazikusema mate yanaganda kabla hayajafika chini, hazikusema nzige, ambao kuanzia 1873 hadi 1877 walikula mashamba ya kusini na magharibi mwa jimbo mpaka watu wakabaki kuombaomba. Sisi tunajipiga picha tumeegemea gari, shifti mbili mfululizo hazionekani kwenye picha.

Waliendelea kuja, Wajerumani wakajenga New Ulm tangu 1854, Wafini, Waslovenia na Wakroeshia wakaingia migodi ya chuma kaskazini, mpaka 1896 jimbo linachapisha maelekezo ya kupiga kura kwa lugha tisa. Lugha tisa, 1896! Halafu anatokea mtu leo analalamika kwa sababu karatasi ya hospitali imeandikwa Kisomali. Ila pia msidhani waliachwa kwa raha. 1917 Marekani ilipoingia vitani jimbo liliunda tume ya usalama iliyowapeleleza Wajerumani wake lenyewe, meya wa New Ulm akatolewa ofisini, watu wakaogopa kusema lugha yao barabarani. Miaka saba baadaye, 1924, ikaja sheria ya kuhesabu wageni kwa nchi zao ili waingie wachache, na mlango ukabaki umebanwa hivyo mpaka 1965. Kwa hiyo huu msimu wa mlango kubanwa tulio nao si wa kwanza, umewahi kuwakuta hata mababu za wanaoubana.

Nendeni Cedar Avenue Minneapolis mkaone. Miaka ya 1880 na 1890 ilikuwa mtaa wa Waskandinavia, maduka, kumbi za densi, baa. Leo ni chai ya tangawizi na sambusa, na wazee Wasomali wanabishana siasa nje, na wengi wao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa sababu walipitia kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Mombasa au Eastleigh ya Nairobi. Ilhan Omar mwenyewe, anayeliwakilisha eneo hilo kwenye Kongresi tangu 2019, utoto wake ulipita kambi ya Utango, Mombasa. Na mkiuliza Wasomali walifuata nini kwenye baridi hii, jibu ni lile lile, vita vya 1991 viliwatoa, mashirika ya Kilutheri na ya Kikatoliki yakawapokea, na makanisa hayo ya Kilutheri ni ya wajukuu wa wale wale wa barua. Kisha kukawa na kazi kwenye viwanda vya nyama, Marshall, Willmar, Faribault, kazi ambazo hazikuuliza Kiingereza chako kikoje. Minnesota ndilo jimbo la kwanza kwa bata mzinga Marekani, kwa hiyo hapo mezani kwenu Alhamisi, popote mlipo Marekani, kuna nafasi nzuri huyo ndege alipita mikononi mwa Msomali mwenzetu aliyesimama kwa muda wa saa nane kwenye chumba baridi. Wahmong, watu wa milima ya Laos, nao walitangulia baada ya 1975 wakaijaza St. Paul, na binti yao Sunisa Lee akaleta dhahabu ya Olimpiki Tokyo. Na sisi wenyewe, 2024, Huldah Momanyi Hiltsley aliyezaliwa Kenya akachaguliwa bunge la jimbo kutoka hapa hapa Brooklyn Park, siku ile nyinyi wenyewe mnakumbuka vigelegele.

Watu wa Maine msinune, nanyi ninawajua. Lewiston ilijengwa na Wafaransa wa Quebec walioshuka na reli kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo, 1919 jimbo likapitisha sheria shule zifundishe kwa Kiingereza tu, mtoto akaadhibiwa kwa kusema Kifaransa cha mama yake. Wasomali walipoanza kuhamia hapo 2001, mwaka uliofuata meya akaandika barua ya wazi kuwaomba wawaambie wenzao wapunguze kuja. 2015 shule ya sekondari ya mji huo ikabeba kombe la soka la jimbo, na wengi wa vijana uwanjani walikuwa wakimbizi, baadhi wamejifunzia mpira kwenye vumbi la Dadaab. 2019 ndipo Portland ikafungua ukumbi wake wa mpira wa kikapu kuwalaza Wakongo na Waangola waliopita Brazil na msitu wa Darién, kati ya Kolombia na Panama, kwa miguu. Kuna mtu anasoma hapa alilala kwenye vile vitanda, nakusalimu kipekee. Na wa Kansas, mkipata nafasi nendeni Nicodemus, mji ulioanzishwa 1877 na watu weusi waliotoka utumwani Kentucky, nao walivutwa na vikaratasi vya matangazo, wakafika hawakukuta nyumba hata moja, baridi ya kwanza wakaishi kwenye mashimo waliyochimba ardhini.

Basi kwa nyinyi ambao hii ni baridi yenu ya kwanza, pole sana na karibuni. Msikae ndani peke yenu, giza la saa kumi na moja jioni linamchezea mtu akili. Nunueni koti la kweli si la urembo, viatu pia, na mwenye shida na karatasi atafute wakili wa uhamiaji anayejulikana, si yule wa kuambiwa na rafiki wa rafiki.

Mimi nashukuru, sitaki mnielewe vibaya. Nashukuru kwa kazi, kwa watoto kuwa wazima, kwa aliyeniita nikaja. Ila shukrani zangu sizielekezi kwa tangazo la 1863. Wadakota na Waojibwe bado wapo, mataifa yao 11 yapo ndani ya jimbo hili hili, na Mankato kuna bustani ya ukumbusho yenye majina ya wale 38. Baada ya Krismasi, tarehe 26, tumepanga kwenda na magari mawili kama barabara itakuwa imesafishwa, ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, mwenye nafasi aniambie mapema nipange viti.

Alhamisi mlango uko wazi kuanzia saa nane mchana. Bata mzinga yupo, lakini pilau, chapati na kuku wa kienyeji ndio wenyewe. Soda tunazo, barafu msilete iko nje bure. Wa shifti ya usiku piteni saa kumi mchukue vyakula vyenu, nitakuwa nimeandika majina kwenye kontena.