Risala ya Akina Mama Washonaji wa Mikoba ya Viraka wa Majengo, Pumwani, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Chifu wetu, wazee wa mtaa, viongozi wa dini, Bi. Mwenyekiti, wazazi wenzetu na majirani wote mliohudhuria,

Assalamu aleikum, na hamjambo nyote. Kwa niaba ya akina mama 14 wa kikundi hiki, tunakushukuru Mheshimiwa kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kukaa nasi Majengo alasiri hii. Tunajua ulialikwa kwingine pia leo, na kuja kwako kwetu si jambo dogo.

Historia yetu ni fupi. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, wengi wetu tulikuwa tukishona sare za shule na kupunguza nguo za mitumba majumbani mwetu. Mwaka uliofuata, saba kati yetu tulianza kushona mikoba ya sokoni kwa viraka vya leso kuukuu na masalio ya vitenge kutoka Gikomba, ambako ni mwendo wa miguu tu kutoka hapa. Tukajisajili, tukafungua akaunti, tukaongezeka. Tangu hapo kikundi kimepiga hatua kubwa sana: wanachama wanne wamelipa karo ya shule ya upili kwa fedha za mikoba, wasichana sita wa mtaa wamefundishwa kukata na kushona bila malipo, na bidhaa zetu zimevuka mipaka ya nchi, kwani mkoba mmoja ulichukuliwa na binti wa jirani yetu hadi London, na tumeletewa picha yake akiwa nao sokoni.

Mheshimiwa, ili ombi letu lieleweke, turuhusu tukueleze mkoba huu unavyoshonwa, kwa sababu wengi wakiuona hudhani ni kitambaa na uzi tu. Kila kiraka hukatwa inchi nne na nusu kila upande. Mshono hula robo inchi kila ukingo, kikabaki inchi nne. Viraka 16 hutoa upande mmoja wa inchi 16 kwa 16, kwa hiyo mkoba mmoja una viraka 32 kabla hatujafikia mishikio. Mishono hupigwa pasi, safu moja ikilazwa kulia na inayofuata kushoto, ili njia panda za viraka zikutane bila kufanya kinundu. Chini ya viraka hutandazwa kipande cha blanketi kuukuu lililofuliwa kwa maji moto lisije likanywea baadaye, na chini yake bitana. Kisha matabaka yote matatu hupigwa bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda ya kuyashikilia, na kushonwa kwa mistari inayopenya toka juu hadi chini, kama mfarishi. Mistari hiyo ndiyo inayoufanya mkoba usimame na kubeba viazi na unga bila kulegea.

Hapo ndipo shida yetu inapoanzia. Vyerehani vyetu vya miguu, ambavyo baadhi yetu tuliachiwa na mama zetu, ni vya kushonea gauni na shati. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini. Cha juu hubaki kikisukumwa na mguu wa cherehani, kikajikunja, na viraka vilivyopangwa usiku kucha vikaachana njia panda. Hilo tumejifunza kulivumilia kwa kuongeza bandi. Lisilovumilika ni mishikio. Utepe wa mshikio hukunjwa ukawa matabaka manne. Ukiwekwa juu ya kiraka, blanketi na bitana, matabaka hufika saba, na mshono wa viraka ukiangukia papo hapo huzidi. Sindano namba 16 huingia, ikaruka mishono mitatu, ikakatika. Mwenzetu mmoja alirukiwa na ncha ya sindano shavuni, karibu sana na jicho. Tangu siku hiyo wengi wetu huzungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja baada ya jingine, na mshikio mmoja hutuchukua karibu nusu saa.

Mwaka jana duka moja la zawadi mjini lilituagiza mikoba 60. Tulikesha. Mikoba 11 ilirudishwa kwa sababu mishikio ilichomoka, na agizo la pili halikuja. Sasa mishikio tunampelekea fundi wa viatu, shilingi 50 kila mkoba. Anaifunga imara, lakini kwa uzi mweusi wa nailoni, na wateja hutuuliza mbona leso nyekundu ina mshono wa kiatu. Fundi hatumlaumu, kwani ndiyo kazi anayoijua. Kinachotuuma ni kuona kazi ya wiki nzima ikiharibikia kwenye shibiri moja ya mwisho.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba cherehani kimoja cha umeme cha kazi nzito, chenye mguu unaotembea, yaani unaovuta kitambaa cha juu wakati uleule meno yanapovuta cha chini. Kimoja kinatutosha sote, kwa sababu kila mmoja ataendelea kuunga viraka nyumbani kwake watoto wakishalala, kisha aulete mkoba kwa mistari na mishikio. Kitakaa nyumbani kwa Bi. Mweka Hazina, kwenye umeme wa kutegemewa, na zamu pamoja na mchango wa tokeni tumekwisha kukubaliana.

Ombi hili si jipya, na hatungekutendea haki kama tungelificha jambo hilo. Mwaka 2022, mahali hapa hapa, mgeni aliyekaa kwenye kiti ulichokalia alituahidi vyerehani viwili kabla ya mwezi kwisha. Tulimpigia vigelegele na kumvisha leso. Baadaye tulielekezwa kwa msaidizi wake, na msaidizi akatuelekeza kwa mwingine. Nakala za vitambulisho na cheti cha usajili tulizipeleka mara tatu, kwa kuwa kila tulipouliza tuliambiwa za kwanza hazionekani. Mgeni wa mwaka uliofuata alisema jambo hilo amelichukua mwenyewe, nasi tukamshukuru. Hatuna kinyongo na yeyote, na tunajua mizigo ya viongozi ni mingi. Lakini kwa kuiamini ahadi ile ya kwanza tulimlipa seremala atutengenezee meza ya inchi 48 kwa 20, yenye tundu la kukalishia kichwa cha cherehani. Meza hiyo ipo hadi leo sebuleni kwa Bi. Mweka Hazina. Watoto wake huifanyia hesabu za shule, na tundu limezibwa kwa ubao ili penseli zisianguke.

Ndiyo maana leo tunaomba kwa namna tofauti. Hatuombi fedha taslimu, wala hatuombi vyerehani viwili. Tuna akiba ya shilingi 18,500 ambayo tuko tayari kuitoa iwe sehemu ya bei. Ikiwa jambo hili haliwezekani kwako mwaka huu, tunakusihi utuambie leo mbele ya wote, nasi tutakushukuru kwa moyo mweupe, kwa maana tutajua kwamba tuanze kubisha mlango mwingine. Ikiwa linawezekana, tunaomba tarehe. Kwenye nakala yako tumeacha nafasi yake, na Katibu anayo kalamu.

Mwisho, tafadhali pokea mkoba huu. Mishikio yake imeshonwa kwa mkono na wenzetu wawili kwa siku mbili, na haitachomoka. Kiraka cha juu kulia kimebeba neno moja la jina la leso ya marehemu mama yake Bi. Mwenyekiti, nalo ni "subira". Maneno yaliyosalia ya leso hiyo yamo katika mikoba tuliyowapa wageni waliokutangulia.

Karibu tena Majengo, Mheshimiwa, na tutafurahi zaidi ukija siku ya kuuondoa ubao ule mezani.

Ni sisi wako,
Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.

Tarehe ya kuletwa cherehani: ....................

Sahihi ya Mgeni wa Heshima: ....................